Asali, gundi, chavua au maziwa ya nyuki: ununue kipi kwa ajili ya kinga ya mwili?

Kopo likiandikwa "huongeza kinga ya mwili", muuzaji hajakwambia kitu. Kinga si tangi linalojazwa likapungua. Homa, makamasi na koo kuvimba ndiyo kazi yenyewe ya kinga, na mwenye pumu au mzio anateseka kwa sababu kinga yake inafanya kazi kupita kiasi. Swali la mnunuzi liwe dogo zaidi: bidhaa hii inafanya nini, sehemu gani ya mwili, na nitajuaje kwamba iliyomo ndani ya chupa ndiyo iliyoandikwa nje?

Mpangilio huu umefuata mambo mawili. La kwanza ni ushahidi uliopatikana kwa watu, maana kwenye sahani za maabara karibu kila kitu huua bakteria. La pili ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuhakiki ubora. Bidhaa yenye sifa kubwa isiyoweza kuhakikiwa imeshushwa.

Nafasi ya kwanza: asali mbichi ya kawaida

Asali haiongezi seli nyeupe za damu. Faida yake inaonekana pale inapogusa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 kuhusu watoto wenye kikohozi cha ghafla yaligundua kwamba huenda asali inapunguza kikohozi kuliko kutotumia dawa yoyote au kutumia dawa bandia. Kipimo kimojawapo kilichojaribiwa ni gramu 10, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai, nusu saa kabla ya kulala. Iachwe iteleze kooni polepole. Kuisukuma kwa glasi ya maji papo hapo ni kuiondoa mahali inapohitajika.

Kwenye kidonda, asali hufanya kazi kwa njia tatu. Sukari yake, karibu asilimia 80, hunyonya maji kutoka kwenye vijidudu. Uchachu wake, wenye pH inayokaribia 4, huwanyima mazingira mazuri. Kisha kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi hutengeneza haidrojeni peroksaidi asali inapokutana na unyevu wa kidonda. Hata hivyo, asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za bakteria. Ya mezani isitiwe kwenye kidonda kirefu wala kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari.

Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto na mwanga, ndiyo maana neno "mbichi" lina uzito. Ukiweza kupata karatasi ya vipimo vya maabara, tazama mistari mitatu. Maji yasizidi asilimia 20. HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikizeeka, isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za tropiki. Nguvu ya diastesi, kimeng'enya kingine cha asali, isipungue 8. Hivi ni viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex, na muuzaji makini wa asali nyingi anavijua hata kama hakuviandika kwenye lebo. Kikomo cha maji hakiihusu asali ya nyuki wadogo wasiouma: hiyo kwa asili ni nyepesi na yenye uchachu, na ikifika asilimia 25 au 30 haijachakachuliwa. Itunze kwenye jokofu.

Majaribio ya nyumbani ni upotevu wa muda. Kudondosha asali kwenye maji, kuichovya njiti ya kiberiti, kuipaka kwenye karatasi, kuangalia kama sisimizi wanaikaribia: yote hupima uzito na unyevu tu, na shira nzito ya sukari huyafaulu bila taabu. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba sampuli 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje zilitiliwa shaka, na hizo zilichunguzwa kwa mashine za maabara. Njiti ya kiberiti haina lake hapo. Hata refraktomita, kifaa cha mkononi kinachopima tone moja la asali, huonyesha kiasi cha maji peke yake, shira hakiioni.

Kinachosaidia ni kuuliza: nani amerina, mwaka na msimu gani, nyuki walikuwa kwenye maua gani, na unyevu ulipimwa ukawa ngapi. Asiyeweza kujibu hata mawili kati ya hayo hafai kulipwa bei ya asali mbichi.

Dalili za kukataa ni povu juu, kifuniko kilichotuna na harufu ya pombe. Asali hiyo imechachuka, kwa kawaida kwa sababu ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. Kuganda si kasoro. Glukosi hujitenga na kuwa chembe, haraka zaidi kwenye nyuzijoto 14 hivi. Ila ukiona tabaka gumu chini na majimaji juu, itumie mapema: chembe zimeacha maji kwenye sehemu ya juu, na hamira huanzia hapo. Kuilainisha, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na uwe na subira. Maikrowevu hapana.

Asali ya manuka ya New Zealand ina kemikali ya methiliglioksali (MGO), ambayo hubaki na nguvu hata kimeng'enya kikifa. Kwa vidonda kuna hoja. Kwa kutia kwenye chai unalipia namba tu. Ukiamua kuinunua, lebo itaje kiasi cha MGO kwa miligramu kwa kilo au alama ya UMF (daraja la ubora wa manuka) yenye namba. Neno "hai" au "yenye nguvu" bila namba ni pambo.

Onyo moja halina mjadala: mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali hata ya kulambishwa. Mbegu za *Clostridium botulinum* huweza kuota kwenye utumbo wake mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, na moto wa jikoni hauziui. Kwa mwenye kisukari, kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 17 za sukari. Aihesabu kama sukari nyingine.

Nafasi ya pili: gundi ya nyuki, yaani propolisi

Nyuki hukusanya utomvu kwenye machipukizi na magome, wakauchanganya na nta, wakaziba nyufa za mzinga. Utafiti uliofanywa kwa nyuki wenyewe umeonyesha jambo la kuchekesha kidogo: wanaoishi kwenye mzinga uliopakwa utomvu huo, kinga yao ya mwili hupunguza shughuli, kwa kuwa nyumba imeshafanya kazi hiyo. Kwa binadamu pia picha inaelekea huko. Kemikali ya CAPE, iliyomo kwenye propolisi ya miti ya jamii ya popla, huzuia swichi ya seli inayowasha uvimbe. Kwa maneno mengine, propolisi hutuliza kuliko inavyochochea, na lebo nyingi husema kinyume chake.

Ushahidi bora zaidi, ingawa majaribio ni madogo, ni wa kinywani na midomoni: vidonda vya malengelenge ya homa, vidonda vya mdomo, fizi. Kwa hiyo inunuliwe kama dawa ya kusukutua, ya kupulizia koo au malhamu ya midomo. Kuimeza kila siku "kwa ajili ya kinga" hakuna msingi imara.

Mabonge ghafi hayafai. Yana nta nyingi, vijiti, mabaki ya nyuki, na wakati mwingine madini ya risasi ikiwa yamekwanguliwa kwenye mizinga iliyopakwa rangi. Chukua iliyoyeyushwa kwenye spiriti ya chakula, kisha soma asilimia kwa jicho kali. "30%" inaweza kumaanisha kwamba gramu 30 za gundi ghafi zililowekwa katika mililita 100, hata kama nusu yake ilikuwa nta iliyochujwa na kutupwa. Namba ya kuuliza ni masalia makavu (kinachobaki spiriti ikikauka) au flavonoidi zote (kemikali za mimea) kwa mililita. Propolisi hutofautiana mno kwa mti: ile ya kijani ya Brazili haina kemikali sawa na ya popla, kwa hiyo utafiti wa moja hauwezi kutumika kuuzia nyingine.

Lipo jaribio dogo lenye maana. Dondosha matone matano kwenye glasi ya maji safi. Utomvu hauyeyuki majini, kwa hiyo maji hugeuka meupe kama maziwa, yenye umanjano kidogo, na ukingo wa glasi hubaki na utepe unaonata. Maji yakibaki angavu, umenunua spiriti ya rangi. (Utomvu wa miti mingine pia hufanya hivyo, kwa hiyo jaribio hili linakataa bidhaa dhaifu, halithibitishi iliyo halisi.) Glasi isafishe kwa spiriti, sabuni haitatosha.

Kabla ya kuitia kinywani, paka tone kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko na usubiri siku tatu. Mzio wake ni wa kuchelewa; wengi hujaribu asubuhi, wakaona salama jioni, wakaamka kesho kutwa na midomo iliyovimba. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Nafasi ya tatu: chavua na mkate wa nyuki

Chavua ni chakula kizuri: protini kama asilimia 20, vitamini za kundi B, rangi zenye flavonoidi. Kama kichocheo cha kinga kwa binadamu, ushahidi ni mwembamba, na hoja ya kwamba kula chavua ya nyuki huponya mafua ya mzio inakwama kwenye jambo rahisi. Mzio huo aghalabu huletwa na chavua inayopeperushwa na upepo, kama ya nyasi, ilhali nyuki hubeba zaidi chavua nzito ya maua.

Hatari kubwa ni ukungu. Chavua ikitoka kwenye mtego wa mzinga ina unyevu wa asilimia 20 hadi 30, na isipokaushwa au kugandishwa barafu siku hiyohiyo huanza kuota. Chavua kavu iliyo nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 8, imekaushwa chini ya nyuzi 40, chembe zake zina rangi tofautitofauti na hutiririka bila kushikana. Ikigandamana, au ikiwa na harufu ya chumba chenye unyevu, irudishe. Mimea mingine hutoa chavua yenye alkaloidi zinazodhuru ini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 500 kwa kilo, na muuzaji mkubwa anapaswa kuwa na cheti cha kipimo hicho.

Mkate wa nyuki ni chavua iliyohifadhiwa na nyuki ndani ya sega ikapitia uchachu. Hukaa vizuri zaidi, hugharimu zaidi. Kwa yoyote kati ya hivyo, anza na chembe mbili au tatu, ukae nusu saa, ndipo upande taratibu kwa siku kadhaa hadi kijiko cha chai. Mwenye pumu au aliyewahi kupata mzio mkali aache kabisa.

Nafasi ya nne: maziwa ya nyuki

Hiki ni chakula cha malkia, na bei yake inafuata cheo hicho. Kina maji asilimia 60 hadi 70, protini, na asidi ya pekee iitwayo 10-HDA ambayo ndiyo kitambulisho chake. Kiwango cha ISO kinataka maziwa mabichi yawe na angalau asilimia 1.4 ya asidi hiyo, na ya unga uliokaushwa kwa baridi asilimia 3.5. Lebo isiyoitaja 10-HDA usihangaike nayo. Mabichi yawe yametunzwa kwenye friza tangu yalipotolewa. Yaliyowekwa rafuni penye joto yape mgongo.

Hasara hutokea zaidi kwenye mchanganyiko. Asali yenye asilimia 1 ya maziwa ya nyuki hukupa miligramu 100 katika gramu 10, ilhali jaribio moja linalotajwa mara nyingi na wauzaji lilitumia gramu 3 kwa siku. Ili kuzifikia utalazimika kula gramu 300 za asali kila siku. Juu ya hayo, wenye pumu wamewahi kupata mshtuko mkali wa mzio baada ya kutumia maziwa haya, na Australia huyataka yawekewe onyo kwenye lebo.

Nje ya orodha: sumu ya nyuki

Hii ndiyo pekee inayobadilisha kinga kwa uhakika, na ndiyo usiyopaswa kuinunua. Hospitalini, watu wenye mzio wa kuumwa na nyuki huchomwa vipimo vidogo vya sumu iliyosafishwa kwa miaka 3 hadi 5, hadi mwili unapojifunza kuivumilia, huku adrenalini ikiwa tayari kando ya kitanda. Krimu za sumu, sindano za mtaani na tiba ya kuumwa kwa makusudi havina kipimo wala adrenalini. Aliyewahi kuumwa mara nyingi bila shida bado anaweza kupata mzio mara inayofuata.