TAHADHARI: Mahindi "ya akiba ya miaka mitatu" yanayouzwa Dodoma yakiwa yamefungwa tayari

Ndugu zangu wa Dodoma, Singida na mlioko njia ya Kondoa, naomba msome hili mpaka mwisho. Kuna mtu anauza mahindi kwa simu, anayaita mahindi ya akiba. Anayaleta yakiwa yamefungwa tayari kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na anaahidi yatakaa miaka mitatu bila dawa wala mdudu. Sisi tulinunua magunia 22. Ingekuwa ni hasara ya fedha peke yake labda tungenyamaza. Lakini ndani ya mahindi yale tulikuta masalia ya vidonge vya sumu, na mtoto wa dada yangu alilala nayo chumba kimoja.

Kikundi chetu cha kina mama kipo Nkuhungu, tuko 11. Kila baada ya mavuno tunachanga tunanunua nafaka ya pamoja, kisha kila mmoja anahifadhi fungu lake nyumbani. Anayeishi huku haulizi kwa nini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwisho wa Novemba au Desemba, ikifika Aprili imekwenda. Ikikatika Februari mahindi yakiwa yanabeba, hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Nimelelewa na bibi aliyesimuliwa na wazazi wake habari za Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokuwa yameshachukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikagoma. Kwetu nafaka ndani ya nyumba ni uhai.

Mwaka jana mwezi wa sita mwenzetu mmoja akaleta picha alizotumiwa: mifuko imepangwa vizuri juu ya chaga, mahindi meupe yanang'aa. Bei shilingi 115,000 kwa gunia la kilo 100, mfuko humo humo, na usafiri juu yake. Ilikuwa juu kidogo ya bei ya sokoni, tukasema si mbaya, maana mtu ametupunguzia kazi ya kuchekecha, kukausha na kufunga. Kijana akaja na kirikuu mara tatu. Ana adabu, anaita kila mtu "mama", anashusha mzigo mwenyewe.

Sasa sikilizeni hapa. Mama mmoja wa kikundi, ambaye miaka ya nyuma alifanya biashara ya mazao Kibaigwa, alikuja na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchoma gunia na kutoa punje za kukagua. Anayejua soko lile anajua kwamba gunia halipokelewi mpaka lichomwe bambo juu, katikati na chini, uone kinachotoka. Kijana akamzuia. Akasema, "Mama, ukitoboa huu mfuko hewa inaingia, mahindi yote yanaharibika, na mimi sitahusika." Maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake. Mifuko ile kweli haitakiwi kutobolewa, tena inafundishwa hivyo hivyo kwenye semina za maafisa ugani. Tukamwomba afungue mmoja tu. Akafungua aliouchagua yeye. Yalikuwa mahindi mazuri kabisa.

Ndivyo alivyotupata. Mfuko ulioletwa kulinda chakula aliugeuza pazia.

Tulilipa kwa lipa namba. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa jina alilotuambia. Akasema ni la bosi wake, tukabonyeza namba ya siri.

Nieleze kidogo mifuko halisi inavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua ndiye anayeliwa. Mifuko aina ya PICS ina tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, na sandarusi nje ya kubeba uzito. Kila wa ndani unafungwa peke yake kwa kamba, shingo ikiwa imesokotwa na kukunjwa. Wadudu waliobaki ndani wanapumua mpaka hewa ya oksijeni inapungua, wanaacha kula, wanakauka na kufa. Ndiyo maana haihitaji dawa yoyote. Ukikuta dawa ndani ya mfuko wa namna hii, aliyeufunga hauamini mfuko wake mwenyewe. Na mfuko haukaushi kitu. Ukiweka mahindi mabichi, utatunza ubichi, na ubichi utazaa ukungu.

Novemba nilifungua gunia la kwanza nyumbani kwangu. Harufu ya uvundo ilinipiga kabla sijaona kitu. Juu, kama debe moja hivi, mahindi safi. Chini yake yalikuwa yameshikana madonge, mengine ya kijani, mengine meusi. Nikawapigia wenzangu, wakafungua ya kwao. Katika magunia 22, tisa yalikuwa na ukungu. Sita yalikuwa yameliwa na dumuzi, yule mdudu tunayemwita Scania, mpaka unga unamwagika ukiinua mfuko, na nailoni imetobolewa matundu matundu. Nailoni yenyewe ilikuwa moja badala ya mbili, nyepesi kama ya kufungia mkate. Hata uzito haukutimia: gunia nililopeleka kwenye mizani lilikuwa na kilo 87.

Ndani ya magunia manne kulikuwa na vifurushi vidogo vya kitambaa vimefukiwa katikati. Ukivifungua, unga wa kijivu. Bahati afisa ugani wa kata alikuwa amefika, akatupigia kelele tusiviguse. Alituambia hayo ni majivu ya vidonge vya fosfidi ya alumini, ambavyo wengi wanaviita fostoksini. Kidonge kikipata unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, na ni hiyo gesi inayoua wadudu. Haichagui, inaua na binadamu. Haina dawa ya kuizimua mwilini. Hospitali wanachofanya ni kukusaidia upumue na moyo usisimame. Vidonge hivyo ni vya maghala yanayofungwa na kufukizwa na watu waliofunzwa, siyo vya chumba cha nyumba ya kupanga.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mwezi wa sita magunia yalipofika, niliyapanga kwenye chumba anacholala mwanangu, mtoto wa dada, aliyekuja kusoma sekondari hapa mjini. Wiki ile ile alianza kuumwa kichwa, kutapika na kulalamika kifua kinabana. Alisema chumba kinanuka kama vitunguu saumu, nikamjibu ni mahindi mapya. Tulipima malaria, hakuna. Wiki iliyofuata wageni walikuja, nikamhamishia sebuleni, akapona. Wageni ndio waliomtoa mle, mimi nilikuwa sijui lolote.

Kuhusu yale yenye ukungu, nawaomba sana. Baadhi yetu tulipata wazo la kuyachambua tusage mazuri, wengine wakasema tuwauzie wafuga kuku. Tuliacha. Mwaka 2016 hapa hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na 20 wakafariki, na chakula chenyewe kilikuwa mahindi. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Kukoboa kunapunguza lakini hakuimalizi. Hata punje isiyo na ukungu wa kuonekana inaweza kuwa nayo. Ukimpa ng'ombe inatokea kwenye maziwa, ukimpa kuku unamuua au unampunguzia mayai. Mahindi yale tuliyachimbia shimo refu, tukayafukia, na kina mama wawili walilia pale shimoni.

Simu ya kijana ilipatikana mara moja, akasema anaendesha gari. Baada ya hapo haikupatikana tena. Tumeripoti polisi na kupewa RB, yaani namba ya taarifa yetu, tumepeleka habari kwa Wakala wa Vipimo kuhusu uzito, na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kuhusu vidonge. Jina simwandiki hapa kwa sababu jambo lipo polisi, na kwa sababu majina anayotumia ni zaidi ya moja. Juzi ndugu yangu wa Manyoni amenitumia picha alizotumiwa na "muuza mahindi ya akiba". Ni picha zile zile, chaga ile ile, laini nyingine. Ndiyo maana naandika leo.

Kwa mnaotaka kuweka akiba mwaka huu, mifuko nunueni wenyewe kwenye duka la pembejeo, na mahindi myanunue kwenye magunia ya kawaida mnayoweza kuyachoma bambo. Mwenye mahindi mazuri haogopi bambo. Mfuko wa nailoni upulize hewa kama puto, usokote shingo, uuminye. Ukisikia unapungua, rudisha. Msiwe na haraka ya mwezi wa tano na wa sita, mahindi mengi bado yana maji. Chukua chupa ya kioo kavu, tia punje nusu na chumvi kavu kijiko, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anika tena juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Kwa mwenye kipimo, unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukishafunga, weka juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasifike, na usifungue fungue.

Na mimi ningeshauri fungu la akiba liwe uwele na mtama. Punje ndogo ile dumuzi haipendi kama anavyopenda mahindi, na wazee wetu walikuwa wakiuweka kwenye vilindo, yale mapipa ya magome ya miti, unapita msimu hadi msimu. Tumeudharau kwa sababu ya ugali mweupe. Kikundi chetu mwaka huu nusu ya mchango inakwenda kwenye uwele wa Mpunguzi, tutaufunga wenyewe kwa mikono yetu.

Ukipata ujumbe wa mtu huyu, usijibizane naye. Tuma namba yake kwenda 15040, kisha wajulishe watu wa mtaa wako. Kama umeshamlipa na mzigo haujafika, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi waombe muamala uzuiwe, maana kila saa inayopita fedha inatolewa.

Kama magunia yameshaingia ndani ya nyumba, fungueni milango na madirisha mtoke, msianze kupekua ndani ya gunia kwa mikono. Mwiteni afisa ugani wa kata asubuhi. Na chumba hicho usiku huu mtoto asilale.