Stendi za GoPro kwenye gari: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Vijana wengi wenye Altezza, Subaru au Mark X hapa Tabora wakitaka kurekodi video za uendeshaji huanza na kamera. Wanajichanga, wananunua kamera nzuri, kisha chenji inayobaki ndiyo inanunua stendi. Mimi ningeanzia stendi. Kamera ya kawaida iliyoshikwa vizuri inatoa video inayotazamika, ila kamera ya bei mbaya juu ya stendi inayochezacheza inatoa kizunguzungu. Halafu kuna usalama. GoPro HERO12, kamera ndogo ya kurekodia michezo, ina uzito wa gramu 154 pamoja na betri. Stendi ikiachia ukiwa kilomita 100 kwa saa, hizo gramu 154 zinamfuata bodaboda aliye nyuma yako.

Ndiyo maana hapa nimezipanga kwa swali moja: ikiachia, nani anaumia na nini kinapotea?

Tabora na Kigoma hazina uwanja wa mbio za magari. Kwa hiyo haya yanamhusu anayepeleka gari kwenye rali au uwanja wa mbali, na pia anayetaka kurekodi safari yake ya kawaida kutoka Urambo hadi Uvinza. Barabara ya umma si uwanja, na kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, uwe na kamera usiwe nayo.

Ya kwanza: klampu ya ndani, inayobana chuma

Hii ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. Inafunga kwenye vyuma viwili vinavyobeba kiegemeo cha kichwa cha siti ya mbele, au kwenye bomba la roli keji (fremu ya mabomba inayokulinda gari likipinduka) kama gari lako limejengwa kwa mashindano. Kamera inakaa katikati ya siti mbili ikitazama mbele: mtazamaji anaona mikono ya dereva, usukani, gia, na barabara yote. Video nyingi nzuri za uwanjani ulizowahi kuona zimepigwa kutoka hapo. Na ikiachia, inaangukia siti ya nyuma.

Unapochagua, angalia mambo mawili. Taya za klampu ziwe na mpira ndani, maana chuma kwa chuma huteleza na hupiga kelele. Pia pima bomba kabla ya kuagiza. Roli keji zinazofuata kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huwa na bomba kuu la milimita 45 au 50, wakati klampu nyingi zinazouzwa zilitengenezwa kwa usukani wa baiskeli na hazifunguki kiasi hicho. Mkono wa klampu uwe mfupi. Kila sentimita unayoongeza inazidisha mtetemo, na mkono mrefu wenye viungo vitatu utakuletea picha inayochemka hata injini ikiwa sailensa.

Ya pili: mpira wa kunyonya, ule mkubwa

Kuna mpira wa kunyonya na kuna mzaha wa kunyonya. Ule mdogo uliokuja na stendi ya simu ni wa simu, tena ndani ya gari. Unaoutaka una mpira mnene wenye kipenyo cha sentimita 8 au zaidi, na wenzo wa kuubana au, bora zaidi, pampu ndogo ya kuvuta hewa. Aina za pampu zina mstari mwekundu kwenye kitufe: hewa ikianza kuingia, mstari unatokeza, nawe unajua mapema kwamba mambo yanaharibika. Wa GoPro wenyewe bei yake Marekani imekuwa kama dola 40, na kampuni inasema umejaribiwa kwa mwendo unaozidi kilomita 240 kwa saa.

Watu huuliza kama mwinuko wa Tabora unaathiri kunyonya. Unaathiri, ila si kwa kiasi cha kukutisha. Kinachoubana mpira kwenye kioo ni uzito wa hewa ya nje, na hapa kwetu, kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa hiyo ni pungufu kwa takribani asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mpira wa sentimita 8 ambao pwani ungevumilia mvuto wa kilo 50 hivi kwa hesabu za darasani, Tabora unabaki na kilo 44. Upepo wa kilomita 100 kwa saa hausukumi kamera ndogo kwa nguvu inayokaribia hata nusu kilo. Kumbuka tu kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo unaongezeka mara nne.

Adui halisi ni vumbi. Chukua kitambaa cheupe ufute kioo cha gari lililotoka Sikonge jana na kuoshwa leo asubuhi, bado kitatoka na wekundu. Chembe moja chini ya ukingo wa mpira inatosha kuwa mlango wa hewa. Kwa hiyo futa kioo kwa spiriti, acha kikauke, futa na mpira wenyewe kwa maji safi, kisha bandika. Subiri robo saa halafu ivute kwa nguvu zako zote. Jambo jingine ni jua: hewa kidogo iliyobaki ndani hutanuka gari likichemka, ndiyo maana stendi iliyobandikwa saa moja asubuhi huanguka yenyewe saa saba gari likiwa limeegeshwa chini ya jua la Septemba. Ibonyeze upya kila unaposimama.

Weka kwenye kioo kwanza, bodi baadaye, bampa kamwe. Kioo chenye tinti usiubandike upande wa ndani, utang'oka na tinti yako.

Ya tatu: kibandiko cha gundi

Vibandiko bapa vyenye gundi ya povu, kama vile VHB ya 3M, vinashika kuliko mpira wowote ukivipa muda. Muda huo ndio watu hawavipi. Ukibandika kwenye joto la kawaida la chumbani, baada ya dakika 20 gundi imefikia kama nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na inakamilika saa 72. Yaani unabandika Alhamisi, unaendesha Jumapili.

Vinafaa kwenye dashibodi iliyo laini na tambarare (ile yenye vinyweleo vya plastiki haishiki), au kwenye bodi yenye rangi ya kiwandani. Narudia: ya kiwandani. Magari yetu mengi yamepita kwa fundi rangi mara moja au mbili, na chini ya rangi kuna pati ya kusawazishia mabonde. Gundi haitaachia rangi. Rangi ndiyo itakayoachia pati, na kibandiko kitaondoka na kipande cha boneti yako. Kukitoa salama, kipashe moto kwa draya ya nywele kisha pitisha mshipi wa kuvulia kwa chini ukiusogeza kama msumeno. Watu wa Kigoma hapo mmeshinda, nendeni kwa wavuvi wa Kibirizi tu.

Ya nne: sumaku

Sumaku ni tamu dukani. Unaigusisha kwenye rafu ya chuma, haitoki, unatoa pesa. Nyumbani unakuta bampa ni plastiki, boneti ni aluminiamu, na mlango una pati nene. Lancer Evolution IX, kwa mfano, ina paa la aluminiamu, sumaku haitashika hata kidogo. Nenda na kisumaku kidogo uguse kila sehemu ya gari kabla ya kununua. Ikishika kwenye paa la chuma, ni nzuri kwa mwendo wa taratibu. Ila vumbi likiingia chini yake inageuka msasa, na utaziona alama za duara juani.

Za kuacha

Mkanda wa kichwani kwa dereva: kila ukitazama kioo cha pembeni, mtazamaji anazungushwa nawe. Kuongeza kitu kigumu juu ya helmeti nako si jambo la kufanya bila ruhusa ya waandaaji. Mikono myororo inayopindika pindika nayo usipoteze hela.

Kamba

Stendi yoyote iliyo nje ya gari lazima iwe na kamba ya akiba iliyofungwa kwenye sehemu nyingine, si kwenye stendi ileile. Waya wa breki ya baiskeli unatosha, na Tabora hauhangaiki kuutafuta. Uwe mfupi, la sivyo kamera ikiachia itakuwa nyundo inayogonga mlango mpaka usimame. Kwenye mashindano, mkaguzi huitazama kamera kama anavyotazama mikanda, na baadhi ya viwanja havikubali mpira wa kunyonya nje ya gari hata ukiwa na kamba. Uliza kabla hujalipia kiingilio.

Ukishafunga

Kamera ikiwa ndani ya gari, zima au punguza kitulizo cha picha. Kitulizo kinahisi gari likiruka na kujaribu kuituliza barabara, matokeo yake dashibodi na usukani ndivyo vinavyoonekana kucheza. Nje ya gari kiache kifanye kazi.

Memori kadi iwe na alama ya V30, yaani inaandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kadi ya GB 64 inakupa kama dakika 85. Joto nalo lina lake: GoPro inataja nyuzi 35 kuwa mwisho wa mazingira ya kufanyia kazi, na nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani unazipita mapema sana. Ichomoe ukisimama kula.

Kuhusu kununua

Kwa pesa ya stendi moja, chukua klampu. Ikipatikana ya pili, mpira mkubwa wa pampu. Mzigo wa Kariakoo ukija kwa basi, ufungue palepale ofisini kabla hujasaini. Pinda ukingo wa mpira kwa kidole: ukirudi taratibu au ukionyesha nyufa nyeupe, umekaa stoo muda mrefu. Funga skrubu mpaka mwisho uone kama nyuzi hazirukiruki. Angalia na kichwa cha kushikia, kwa sababu meno ya GoPro hayaingii kwenye kitako cha sumaku cha kamera ya DJI Osmo Action bila adapta, na adapta ndogo kama hiyo inaweza kukusubirisha basi la wiki ijayo.