Avengers: Infinity War: Ilipofaulu na Ilipoikosea Wakanda

Avengers: Infinity War ilitoka mwezi wa Aprili 2018, ikiongozwa na ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, na ilitufikia Kisumu tukiwa bado na Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika katika filamu ya Black Panther, vichwani. Miezi miwili tu kabla yake, Black Panther ilikuwa imeonyeshwa mjini humu kwa shangwe kubwa, kwa kuwa Lupita Nyong'o, binti wa Gavana Anyang' Nyong'o, aliigiza ndani yake kama Nakia, na hata watu wasiojali filamu za mashujaa walimwona kuwa mtoto wa nyumbani. Hivyo basi tuliposikia kwamba vita vikubwa vya filamu mpya vitapiganwa Wakanda, tulikuwa na kila sababu ya kuisubiri kwa hamu. Nimeitazama tena majuzi kwa utulivu, na naiona kuwa kazi iliyosukwa kwa ustadi wa hali ya juu, iliyomjenga adui vizuri kuliko ilivyowajenga mashujaa wengi, lakini iliyoigeuza Wakanda kuwa uwanja wa mapigano na basi.

Ustadi wa kuisuka ndio unaostahili kusifiwa kwanza. Waandishi Christopher Markus na Stephen McFeely walikuwa na dakika 149 za kugawa kati ya mashujaa zaidi ya ishirini, wengi wao wakiwa na filamu zao wenyewe, na wakakwepa mtego wa kuwapanga wote mstari mmoja ili kila mtu aseme neno lake. Waliwagawa katika makundi madogo ya watu wasiofahamiana, kisha wakaacha tabia zao zigongane. Tony Stark na Doctor Strange, wote wawili wajuaji wasiopenda kuamriwa, wanajikuta katika chombo kimoja cha angani pamoja na kijana Peter Parker, ambaye hakualikwa. Thor naye anasafiri na Rocket, kiumbe mdogo mwenye umbo la mnyama na mdomo usio na adabu. Katika safari hiyo Rocket anamuuliza habari za jamaa zake, na Thor anawataja mmoja baada ya mwingine, mama, baba, dada, ndugu, rafiki wa dhati, wote wamekufa. Anajaribu kucheka huku machozi yakimlengalenga. Rocket, aliyezoea kumdhihaki kila mtu, anakosa la kusema, kisha anampa jicho la bandia badala ya lile alilopoteza. Tukio hilo ni fupi, halina mlipuko hata mmoja, na limenieleza habari za Thor kuliko filamu zake mbili za mwanzo.

Adui ni Thanos, anayekusanya mawe sita yenye nguvu za ajabu na kuyavaa kwenye glavu, anayechezwa na Josh Brolin, ambaye miondoko na sura yake vilinaswa kwa kompyuta kisha vikavishwa mwili wa jitu la zambarau. Kazi hiyo ni ya kusifika mno. Unaona uchovu machoni, unaona taya likikaza, na pale kwenye sayari ya Vormir, anapogundua kwamba ili apate Jiwe la Roho ni lazima amtoe kafara mtu anayempenda, machozi yanayomtoka yanasadikika kabisa. Gamora, binti aliyemlea baada ya kuangamiza watu wake, anadhani kwamba baba huyo katili hana anayempenda, hivyo ameshindwa. Anapoyaona yale machozi ndipo anaelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye kafara. Hakuna tukio zito kuliko hilo katika filamu nzima, na linatokea kwa sababu hadithi hii kwa hakika ni safari ya Thanos: yeye ndiye mwenye lengo, yeye ndiye anayetembea kutoka jiwe moja hadi jingine, na wengine wote wanakimbizana naye.

Hata hivyo, lengo lenyewe halijapimwa ipasavyo. Thanos anataka kufuta nusu ya viumbe vyote ili mali ya ulimwengu iwatosheleze waliobaki. Tuchukue Kenya peke yake: sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na nusu yake ni takriban milioni 24. Sensa ya 1989 ilikuta watu milioni 21.4, na ile ya 1999 ikakuta milioni 28.7, kwa hiyo Thanos angeturudisha miaka ya tisini mwanzoni, wakati ambapo njaa na umaskini vilikuwapo vilevile. Hoja ya namna hii ingeweza kusemwa na mtu yeyote mwenye akili, na filamu imejaa wanasayansi. Hakuna anayeisema. Gamora anampinga kwa kumwambia kwamba hana hakika, Strange anamkejeli, kisha ngumi zinaanza. Nalaumu hilo kwa sababu adui aliyejengwa kwa uangalifu hivi alistahili mpinzani wa hoja.

Sasa Wakanda. T'Challa, aliyeigizwa na marehemu Chadwick Boseman, ni mfalme katika ardhi yake mwenyewe, lakini anapewa maneno machache mno. Okoye, jenerali wake, ana utani mmoja mzuri kuhusu nchi kufungua milango, Shuri, dada yake, anamzidi mwanasayansi Bruce Banner maarifa kwa sentensi mbili, na jeshi linapoitikia mfalme kwa sauti moja mwili unasisimka. Baada ya hapo tunabaki kwenye uwanda wa nyasi. Jiji, masoko na mabaraza ya makabila, yaliyoipa Black Panther uhai, hayaonekani. Uamuzi wa kufungua ngao inayoilinda nchi unafanywa kwa sekunde chache, ingawa maana yake ni kwamba Wawakanda watakufa kwa wingi ili kumlinda mgeni mmoja, Vision, mwenye Jiwe la Akili katika paji la uso. M'Baku, kiongozi wa kabila mojawapo, anaonya kwamba huu utakuwa mwisho wa Wakanda, na Okoye anamjibu kwamba basi utakuwa mwisho wa heshima. Mazungumzo hayo yalihitaji dakika tano, si mistari miwili. Askari wanaoanguka hawana majina wala wa kuwalilia. Nakia hayupo kabisa, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Sisi wa Kisumu tulilisikia pengo hilo.

Kosa la Peter Quill, mmoja wa mashujaa na mpenzi wa Gamora, anayempiga Thanos usoni wakati wenzake wanakaribia kumvua glavu ya mawe, limezua ugomvi mwingi miongoni mwa vijana wa hapa. Mimi namtetea mwandishi. Quill amejulishwa wakati huohuo kwamba mpenzi wake ameuawa, na tangu filamu yake ya kwanza ni mtu anayetenda kabla ya kufikiri.

Mgeni wa filamu hizi za Marvel atapotea. Kumi na nane zilitangulia tangu 2008, na hakuna anayesimama kueleza Loki ni nani au kwa nini Stark na Captain America hawasemezani. Angalau atazame kwanza Guardians of the Galaxy, Captain America: Civil War, Thor: Ragnarok na Black Panther.

Mwisho unamwacha Thanos mshindi. Anaalisha vidole, na mashujaa wanageuka vumbi mmoja baada ya mwingine. Mtunzi Alan Silvestri ameupunguza muziki hadi karibu haupo, ili tusikie sauti ya Peter Parker akimng'ang'ania Stark na kusema kwamba hataki kuondoka. Ni kweli kwamba uzito unapungua ukikumbuka kwamba baadhi ya hao walikuwa na filamu nyingine njiani, lakini uigizaji wa Tom Holland unakufanya usahau hesabu hizo kwa muda. Kwenye vibanda vya video, mahali ambapo DJ husimulia juu ya picha, mizaha ya Rocket hunoga zaidi, ila sehemu hii huharibika, maana msimulizi hawezi kunyamaza. Itazameni kwa sauti yake ya asili, na mwe na Avengers: Endgame ya 2019 karibu, yenye saa tatu na dakika moja, kwa kuwa hadithi hii haijakamilika bila hiyo.