Google Photos: nimesafisha nafasi yangu ya GB 15 bila kulipa hata mia, ila nusura nimlize mama mkubwa

Niko na Google Photos, ile programu ya Google ya kutunza picha mtandaoni, toka 2017. Simu nne zimepita mkononi, moja ilidumbukia kwenye ndoo ya kudekia, nyingine ikaondoka na mtu kwenye mwendokasi pale Kimara, na picha zote bado zipo. Kwa hilo tu hii kitu naipa heshima yake, unanunua simu mpya, unaweka akaunti, baada ya dakika chache unamkuta mtoto wa 2018 bado anatambaa.

Shida ni nafasi. Zamani ilikuwa bure, unapandisha mpaka unachoka mwenyewe, mradi ukubali picha zibanwe kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 wakafunga bomba, kila kinachopanda kuanzia hapo kinakatwa kwenye zile GB 15 za bure za akaunti, na hizo GB 15 sio za picha peke yake, ni chungu kimoja na Gmail na Drive, halafu baadae bakapu (nakala za akiba) za WhatsApp za Android nazo zikaja kuchota humohumo. Ikijaa sio picha tu zinagoma, hata imeili haziingii tena, aliyekutumia inamrudia. Watu wengi wanadhani Gmail ndo mbovu kumbe ni video za harusi.

Sasa hapa ndo nilipopoteza jioni nzima, sikia usije ukarudia. Zile picha zilizopanda kabla ya hiyo tarehe kwa ubora wa kubanwa HAZIHESABIWI, mpaka leo zimekaa bure. Mimi bila kujua nikaanza kufuta za 2018 na 2019, nafuta weee, picha mia sita na kitu, naenda kuangalia mita ya nafasi iko palepale, haijasogea hata nukta. Nikabaki nacheka mwenyewe kama chizi.

Dawa ni ule ukurasa wa kusimamia nafasi, unagusa picha yako ya akaunti pale juu unaingia. Unakupangia video kubwa kuanzia kubwa kuliko zote, skrinishoti, na picha zilizotoka ukungu. Nilipofungua, ya kwanza kabisa ni video ya dakika nne, GB moja na nusu, 4K yaani ule ubora wa juu sana wa video, shemeji anacheza kwenye send-off na nusu ya video ni kidole changu kimeziba lenzi. Ya pili giza tupu, simu ilijirekodi mfukoni, unamsikia konda tu "Mbezi Mbezi Mbezi". GB mbili hizo jamani! Skrinishoti nazo zaidi ya elfu, risiti za M-Pesa, tokeni za Luku za mwaka juzi ambazo umeme wake ulishaisha zamani. Nikagundua picha zangu mwenyewe hazina tatizo kabisa, kinachokula ni takataka na vitu vya magrupu. Kwa hiyo ingia kwenye settingi za bakapu, sehemu ya folda za simu, zima folda ya WhatsApp isipande, na kwenye kamera shusha video kutoka 4K. Nilianza siku na mita nyekundu, nikalala ninatumia GB 6 na kitu.

Kuna na njia ya kubana picha ambazo zilishapanda kwa ubora wake kamili, inafanyika kwa brauza. Picha inashushwa mpaka megapikseli 16 na video mpaka 1080p. Kwa picha za simu mimi macho yangu hayaoni tofauti, ila ukishabana hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo kama wewe ni mpiga picha wa kazi achana nayo.

Haya, mama mkubwa. Simu yake iliandika imejaa akanipa nimsaidie, mimi fundi si ndo nimeshajua kila kitu, nikaingia kwenye Google Photos nikachagua picha lundo, nikafuta, nikijiambia si zipo mtandaoni. Wiki tatu baadae anapiga.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hivi picha za marehemu babu yako umezipeleka wapi, mbona sizioni?"

Jasho lilinitoka. Ukifuta ndani ya programu yenyewe wakati bakapu imewashwa inafutika KOTE, simuni na mtandaoni, na inakwambia kabisa kabla hujakubali, mimi ndo nilibonyeza bila kusoma. Ukitaka kupunguza mzigo kwenye simu tu kuna sehemu yake ya kuongeza nafasi kwenye simu, hiyo inaondoa zilizokwisha kupanda na za mtandaoni inaziacha. Bahati yangu vilivyofanyiwa bakapu vinakaa kwenye tupio siku 60, nikazirudisha zote, babu na kanzu yake na baiskeli yake. Mama mkubwa mpaka leo hajui na msimwambie.

Nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu kufuta kuko wazi kidole kinafika chenyewe, halafu sehemu ya kupunguza mzigo wa simu mpaka uitafute, na kwa wazazi wetu hiyo ni hatari. Kulipia bado sijaona sababu, safisha kwanza ndo uhesabu unahitaji kiasi gani. Dada yangu ndo kalipia GB 100 na anaruhusiwa kugawana na wanafamilia watano, kila mtu picha zake haonani na mwenzie, nimemuomba aniingize kaniambia nilipe kwanza hela yake ya kitenge.