Uzoefu wangu: nimebadili gurudumu la nyuma la baiskeli ya resi ya zamani

Ndugu zangu wa baiskeli, nimekaa na hili gurudumu miezi minne sasa ndio naandika, sikutaka kusifia kitu cha wiki moja.

Baiskeli yangu ni ya chuma, ya miaka ya 80, niliachiwa na baba mdogo, gia 6 nyuma na rimu za inchi 27. Kila Jumamosi natoka nayo Tororo naenda Mbale narudi. Siku moja narudi nikasikia nyuma inayumba na tairi linagusa breki, nikajua ni spoki, kufika kwa fundi akafungua, ekseli (mhimili wa katikati ya gurudumu) imekatika vipande viwili! Yaani nilikuwa natembelea ule uchuma mwembamba tu wa kufungia gurudumu unaopita ndani ya ekseli.

Huyo fundi mzee akanionyesha sababu. Zile habu (vitovu vya gurudumu) za zamani, friwili, yaani ule mkusanyiko wa gia za nyuma, inakazwa juu yake kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo gololi za upande wa cheni zinakaa ndani sana, ekseli inabaki ndefu nje bila kitu cha kuishika, shimo baada ya shimo inajipinda mpaka inakatika. Habu ya kaseti, ile ambayo gia zinachomekwa tu juu yake, gololi zake zinasogea mpaka karibu na fremu. Akaniambia kijana, ukiweka ekseli nyingine hapa tutaonana tena, tafuta gurudumu la kaseti.

Nikaagiza Kampala, rimu ya 700c (saizi ya baiskeli za resi za sasa), spoki 36, shilingi 180,000, kaseti ya gia 8 pamoja na cheni ikawa 95,000 juu yake. Muuzaji kwenye simu alisema linaingia tu bila shida, na hapo ndipo naona hakunitendea haki maana hata hakuuliza baiskeli ni ya mwaka gani. Fremu yangu ndani ya ile mikono ya nyuma inayoshika gurudumu ni milimita 126, habu mpya ni 130. Fremu ikiwa ya chuma hiyo 4 siyo tatizo, kila upande unafunguka milimita 2, fundi alivuta kwa mikono gurudumu likakaa. Lakini kama yako ni ya alumini tafadhali usijaribu, alumini inapasuka.

Breki pia, 700c ni ndogo kuliko inchi 27, ukingo wa rimu unashuka milimita 4, zangu zilikuwa na nafasi ya kushusha raba zikatosha, pima kwanza kabla hujatoa pesa. Tairi la zamani nalo halikai kwenye rimu mpya, nikanunua jipya. Gia hazikunisumbua kabisa kwa sababu levya zangu za kubadilishia gia ni zile za zamani za kwenye fremu zisizo na klik, unavuta mpaka cheni itulie basi.

Sasa lawama yangu kubwa. Safari ya kwanza tu, sijafika hata Mbale, spoki zikaanza kulia tiki tiki kila nikisimama kwenye pedeli, na rimu inacheza. Gurudumu jipya kabisa! Nikarudi kwa mzee, akapindua baiskeli, akawa anazigonga spoki kwa ukucha moja moja anasikiliza, akasema sikia hii, sikia na hii, moja inalia kama waya wa gitaa nyingine kama kamba ya kuanikia nguo. Akaweka tone la oili kwenye kila nati, akaanza kukaza robo mzunguko tu kila moja, macho yake kwenye nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Saa mbili nzima. Akachukua 20,000 na mimi nikamwongeza 10,000 maana kazi ile niliiona kwa macho yangu.

Tangu siku hiyo halijacheza tena, na barabara zetu mnazijua. Habu inazunguka laini, mlimani nasimama bila wasiwasi. Gurudumu lenyewe nalipatia 7 kati ya 10, fundi nampa 10, na ukinunua la tayari lipeleke likakazwe spoki kabla hujalipanda.

La mbele bado ni inchi 27 na tairi lake siku hizi kulipata ni kazi, hilo ndio linafuata nikipata pesa.