Ducati Panigale V4: Uimara, Dhamana na Joto la Injini kwa Mnunuzi wa Nchi za Joto

Panigale V4, pikipiki ya mwendo kasi ya kampuni ya Ducati, hununuliwa kwa mapenzi, na maswali huja baadaye. Mnunuzi anayeishi Muscat, Dubai, Mombasa au Dar es Salaam ataanza na joto, kwa sababu ndilo litakalomfikia kwanza, lakini nashauri asiliulizie peke yake. Joto la pikipiki hii limetokana na jinsi ilivyobuniwa, dhamana hulipia kasoro wala si ubunifu, na uimara wake unategemea sevisi ambayo mahali pengi katika ukanda wetu ni vigumu kuipata. Asiyeyaona mambo haya kwa pamoja anaweza kununua chombo kizuri sana akakijutia.

Tuanze na injini yenyewe. Ducati, kiwanda cha Borgo Panigale mjini Bologna, Italia, iliizindua pikipiki hii mwishoni mwa mwaka 2017, na kwa mara ya kwanza ikaacha mpangilio wake wa silinda mbili katika pikipiki kuu ya mbio inayouzwa kwa watu wa kawaida. Injini ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V la nyuzi 90, ujazo wa sentimita za ujazo 1,103, na toleo la kwanza lilitoa nguvu za farasi 214 kwa mizunguko 13,000 kwa dakika. Mgandamizo wake ni 14 kwa 1, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa hadi sehemu moja ya kumi na nne ya ujazo wake kabla ya kuwashwa. Nguvu hizo zimewekwa katika chombo ambacho, kwa toleo la V4 S, kina uzito wa kilo 195 tu kikiwa tayari kwa safari. Kwa mwendo, breki na ulaini wa kukata kona sina la kulalamikia, na sitakaa hapo.

Joto ndilo linalostahili maelezo marefu. Katika injini yoyote ya petroli, takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kwa moshi, na nyingine hupitia maji ya kupozea hadi kwenye rejeta, kile kipozeo cha mbele kinachopitiwa na upepo. Injini yenye uwezo wa kutoa nguvu za farasi zaidi ya 200 ina joto jingi la kutupa, na rejeta yake imepimwa kwa kutegemea upepo wa mwendo kasi. Pikipiki ikisimama kwenye foleni upepo huo hukatika, feni hubaki peke yake, na hewa inayoisukuma haina njia pana ya kutokea kwa sababu plastiki za ubavuni zimeufunika mwili wote. Isitoshe, injini imelazwa nyuma, hivyo silinda mbili za nyuma zimeelekea kwenye kiti, na mabomba yake ya moshi hupita karibu sana na mapaja ya mwendeshaji. Hata mhandisi hodari hawezi kuliondoa joto la mahali hapo. Anaweza kulipunguza tu.

Ducati wenyewe walilijua hilo tangu mwanzo. Pikipiki inaposimama huku injini imeshapata moto na ikinguruma bila kuvutwa, kompyuta huzima silinda mbili za nyuma na kuacha zile za mbele zikifanya kazi. Anayesimama karibu na taa nyekundu huusikia mlio ukibadilika ghafla, kutoka mngurumo uliojaa hadi mdundo mkavu wa silinda mbili, na mkono ukigusa mtambo wa gesi, silinda zote nne hurudi kazini mara moja. Ni ufumbuzi wa busara, na unasaidia. Hata hivyo hausaidii katika foleni inayosogea mita tano, ikasimama, ikasogea tena, kwa kuwa kila kusogea huziwasha upya silinda zile zile zilizotakiwa kupoa.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Joto linalomsumbua mwendeshaji si lazima liwe joto linaloiumiza injini. Kipimo kikionyesha nyuzi 100 au kuzidi kidogo, mtu hushtuka kwa kudhani maji yamechemka. Lakini maji yale yamechanganywa na dawa ya kupozea na yamefungiwa kwa mgandamizo, kwa hiyo kiwango chake cha kuchemka kiko juu ya nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa. Feni ikifanya kazi na kipimo kikashuka mara pikipiki inapopata upepo, injini ni nzima. Dalili ya ugonjwa ni kipimo kinachoendelea kupanda hata barabara ikiwa wazi, maji yanayopungua bila kuonekana yanapovujia, au taa ya onyo kuwaka. Haya ndiyo ya kupeleka kwa wakala. Paja lililoungua, kwa bahati mbaya, si dai la dhamana.

Kwa upande wa uimara, nina imani na injini hii kuliko sifa ya zamani ya pikipiki za Italia inavyowafanya wengi waamini, lakini imani hiyo ina sharti. Vali za Ducati, yaani vizibo vya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye silinda, kwa mfumo ulioingizwa na mhandisi Fabio Taglioni katika miaka ya 1950, hufunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya kamshafti (shafti yenye vinundu vya kusukuma vali) badala ya kurudishwa na springi. Faida yake ni udhibiti wa vali katika mizunguko ya juu sana. Gharama yake huonekana gereji: vali ziko 16, kila moja hupimwa nafasi ya kufungulia na ya kufungia, kwa hiyo fundi ana vipimo 32 vya kuchukua kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), baada ya kuvua tanki, kisanduku cha hewa na vitu vingine vingi vilivyobanana. Kiwanda kimeagiza kazi hiyo ifanyike kila kilomita 24,000, na sevisi ya kawaida ya oili kila kilomita 12,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia.

Inafaa kujua kwamba kampuni hiyo hiyo, ilipotengeneza Multistrada V4 ya mwaka 2021 kwa ajili ya safari ndefu, iliweka springi za kawaida kwenye vali, na ukaguzi ukasogezwa hadi kilomita 60,000. Kwa mtu anayetaka injini ya Ducati ya silinda nne kwa matumizi ya kila siku, naona hilo ni jibu kamili kuliko maneno yoyote ya muuzaji.

Wala Ducati haiko peke yake katika matatizo ya daraja hili. Yamaha, ambayo wengi huitaja kama kipimo cha uimara, ililazimika kuziita zirudi kwa matengenezo pikipiki zake za YZF-R1 za mwaka 2015 kwa sababu ya giaboksi, kwa kuwa gia ya pili ingeweza kuvunjika. Wamiliki walibadilishiwa bila malipo. Aprilia ya Italia nayo ilipata tatizo la konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na shafti kuu, katika pikipiki zake za RSV4 za mwanzo. Ndiyo maana sipendekezi toleo la mwaka wa kwanza la pikipiki yoyote ya aina hii, hasa kwa anayeishi mbali na wakala.

Dhamana ya kawaida ya Ducati ni miezi 24 bila kikomo cha kilomita, na katika nchi za Ulaya kuna mpango wa miaka minne. Kwa maandishi, huo ni ukarimu. Lakini haigusi vinavyolika kwa matumizi, kama matairi, pedi za breki, cheni na sahani za klachi, na hailipi uharibifu uliotokana na mashindano. Anayekusudia kuipeleka Dubai Autodrome, uwanja wa mbio, wikendi asome kifungu hicho kwa makini na apate jibu la wakala kwa maandishi kabla ya kulipa. Mafuta nayo yana uzito wake: mgandamizo wa 14 kwa 1 unahitaji petroli ya okteni ya juu, yaani isiyolipuka upesi inapobanwa, na petroli duni huleta mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda, unaoongeza joto na kugonga pistoni, na hapo mtoa dhamana ana haki ya kukataa. Kuhusu mabomba ya moshi ya kubadilisha, nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 humzuia mtengenezaji kufuta dhamana yote kwa sababu tu umeweka kifaa cha kampuni nyingine; mnunuzi wa Afrika Mashariki asiitegemee sheria hiyo, kwa maana haimfuati.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la pikipiki zilizotumika zinazonunuliwa Uingereza au Dubai na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kazi ya dhamana hufanywa na mawakala walioidhinishwa, hivyo mwenye miezi kumi ya dhamana iliyobaki lakini hana wakala wa kumfikia, hana dhamana. Simlaumu mtengenezaji, namlaumu muuzaji anayeitaja dhamana hiyo ili kupandisha bei.

Hukumu yangu ni hii. Anayeishi Muscat na kuendesha alfajiri kabla jua halijapanda, penye wakala na barabara zilizo wazi, atapata pikipiki isiyo na nyingi za kulingana nayo. Anayetaka kwenda nayo kazini kwa foleni ya Dar es Salaam, nasema asinunue. Na anayenunua iliyotumika aipeleke namba ya chesisi kwa wakala wowote rasmi, hata kwa barua pepe, ili ajue kama kuna wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujatekelezwa. Kisha adai kuona karatasi ya ukaguzi wa vali. Kama pikipiki imepita kilomita 24,000 na karatasi hiyo haipo, gharama yote ya kazi hiyo ikatwe kwenye bei, pamoja na nauli ya kuifikisha kwa fundi anayeijua injini hii.