Nimepeleka Altezza yangu siku ya traki hapa Tanga: uzoefu wangu, na habari ya mafuta ya breki

Nimelipa laki moja na nusu ili nikimbize gari yangu mwenyewe siku nzima, na nikiambiwa kesho ipo tena nalipa. Ila kuna jambo la breki ambalo lazima niliseme kwa kirefu, maana kwa hali ya hewa yetu ya huku pwani linamhusu kila mwenye gari, sio sisi wapenda mwendo tu, kwahiyo kama una haraka soma hapo kwenye breki alafu endelea na mambo yako.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono, injini 3S-GE ya lita 2 ile ambayo Toyota walishirikiana na Yamaha, nguvu farasi 210 injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani msimu wa 1998 na 1999, na mhandisi mkuu wake Nobuaki Katayama alikuwa na mkono pia kwenye AE86, ile Corolla ndogo ya michezo ya miaka ya themanini, ndio maana ukiiona ni sedani ya milango minne ya kubeba familia lakini inasukuma kwa matairi ya nyuma na inapenda kona. Ulaya na Marekani wanaijua kama Lexus IS. Huku kwetu Altezza zimejaa, nyingi otomatiki, nyingi zimeshushwa na kufungwa ekzosi ya kelele, lakini wangapi wameshaisikia gari hii ikilia 7,000 huku imelala kwenye kona? Wachache, kwa sababu utaifanyia wapi? Barabara ya Segera ina tochi za trafiki na malori, Pongwe watu wanavuka, mjini baiskeli kila upande na ndio usafiri wa watu wazima wenye heshima zao. Mie nina watoto, siwezi kukimbiza gari mahali ambapo mtoto wa mwenzangu anavuka kwenda madrasa.

Sasa siku ya traki sio mashindano, hili watu wengi hawajalielewa. Hakuna mshindi wala kikombe na muda haupimwi kabisa, unaingia na gari yako ya kila siku kwenye njia iliyofungwa, wote mnaelekea upande mmoja, hakuna daladala hakuna bodaboda hakuna mbuzi, unaendesha mpaka pale uwezo wako unapofika. Ujerumani pale Nürburgring mtu wa kawaida analipia na kuingia na gari yake kwenye ile njia ya kilomita 20.8 iliyofunguliwa 1927. Yetu ni ndogo, ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha zamani njia ya Pangani, barabara zao za ndani za lami zimeunganishwa na yadi kubwa ya zege, kona zimechorwa kwa koni na matairi ya lori yaliyopakwa chokaa, raundi nzima kama kilomita moja na mita mia tatu hivi. Nyoofu moja ndefu ya mita mia nne, alafu kona kali ya kulia ambayo wote tuliishia kuiita Kona ya Mwembe kwa sababu ya mwembe mkubwa uliokuwa nyuma yake mbali kidogo, umefungiwa matairi.

Nilitoka Chumbageni saa kumi na moja alfajiri. Usiku wake nilishatoa kila kitu ndani ya gari, jeki, spea taya, kapeti za miguuni, chupa za maji, hata tasbihi iliyokuwa inaning'inia kwenye kioo, maana kitu chochote kisichofungwa kikiteleza kikaingia chini ya pedeli ya breki hapo umekwisha. Kufika pale tukaandikishwa, tukapewa namba za kubandika mlangoni kwa selotepu, alafu ukaguzi. Helmeti wanakodisha elfu kumi na tano na ziko safi, na hapa niwasifu, walikuwa na zile za magari zenye alama ya Snell SA, hawakukubali mtu aje na helmeti ya bodaboda. Ya magari imetengenezwa kuhimili moto na ya pikipiki haina hiyo kazi.

Tulitakiwa kuanza saa mbili na nusu, tukaanza saa nne na dakika kumi. Watu walinuna sana lakini sababu ilikuwa gari ya wagonjwa haijafika na msimamizi akakataa katakata kufungua njia bila hiyo gari. Mie nilimpa mkono wangu kwa hilo. Kinachoniuma ni kingine nitakisema.

Kwenye maelezo ya asubuhi walitufundisha bendera. Njano punguza mwendo na usimpite mtu, nyekundu wote mnarudi taratibu, ya bluu kuna aliye nyuma yako ana kasi zaidi mpishe, ya miraba ya dama nyeusi na nyeupe muda umeisha. Kupita ni kwenye nyoofu tu, tena mpaka wa mbele awashe indiketa kukuonyesha upande wa kupita. Rahisi na inaeleweka.

Kwa raundi za mwanzo kila mgeni anakaa na mwalimu. Wa kwangu alikuwa mzee mmoja wa hapahapa Tanga aliyewahi kukimbia rali ujana wake, mpole, mikono imejaa makovu ya ufundi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, haya twende, na usinionyeshe kitu, endesha kama unampeleka mama yako hospitali na anaumwa kweli." Raundi ya pili akaniambia, "Mwanangu, breki unaikanyaga kama unaua nge. Ibane mapema, kwa nguvu, gari ikiwa imenyooka, alafu iachie pole pole huku unageuza." Yaani sentensi hiyo moja imebadilisha uendeshaji wangu wa miaka kumi na nne. Nilikuwa naingia kona nikiwa bado nimekanyaga breki yote, gari inalalia mbele, tairi za mbele zinaelemewa na kazi mbili kwa wakati mmoja, usukani unakuwa mzito haugeuki. Nilipoanza kumalizia breki kabla ya kona, macho nayaweka kule ninakotaka kutokea badala ya kuziangalia koni, gari ikaanza kuzunguka yenyewe kama mlango kwenye bawaba. Na ile injini ukiishika kuanzia 6,000 kwenda juu inabadilika sauti, inalia kama imepata roho nyingine.

Tena akachukua chaki, chaki ya shule hii ya kawaida, akachora mstari kwenye ubavu wa kila tairi kutoka kwenye ukanyagio kushuka chini. Baada ya dakika kumi na tano akaniita tuchuchumae tuangalie. Mbele kushoto chaki ilikuwa imefutika mpaka karibu nusu ya ubavu, maana yake kwenye kona tairi inalala inatembelea ubavu, wakati nyuma imefutika kidogo tu pembeni. Upepo niliingia nao psi 32 nikiwa baridi, tukapima zikiwa za moto tukakuta 38 nyuma na 39 mbele. Akasema za nyuma zikiwa moto zisizidi 35, akatoa kidogo kidogo, na mbele tukaacha juu kidogo kuliko nyuma ili ubavu usilale. Sijawahi kufikiria upepo wa tairi kwa namna hii, siku zote namwambia kijana wa sheli "weka thelathini na mbili" naondoka.

Haya, breki.

Zamu ya pili, niko peke yangu, raundi ya sita. Nimetoka kwenye yadi vizuri, nyoofu nzima, gia ya nne, sahani ya mwendo inasoma 120 na kidogo, nafika kwenye koni yangu ya kuanzia breki, nakanyaga. Raundi zilizopita pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, safari hii ikashuka laini mpaka karibu na sakafu, kama unakanyaga andazi, na gari inapungua kidogo sana. Mwembe unakuja. Nikapampu mara tatu haraka, pedeli ikapanda nusu, nikashusha gia ya tatu, ya pili, nyuma ikatikisika, nikaachana na kona nikanyooka kwenye eneo la wazi walilotuambia asubuhi, nikasimama mita kama thelathini kabla ya matairi. Sikugusa kitu. Mikono ilikuwa inatetemeka sio mchezo.

Nilirudi taratibu nikapaki bila kuvuta hendibreki, maana walishatuonya pedi za moto zinaganda kwenye diski. Fundi aliyekuwa pale akafungua boneti, akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki akaniita nichungulie. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Akaniuliza, "Kaka, haya ulibadilisha lini?" Nikahesabu, gari ninayo mwaka wa tatu na sijawahi kuyagusa, naongezea tu, na sijui aliyenitangulia aliyaweka lini.

Jambo lenyewe liko hivi. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, taratibu, kila siku, hata gari ikiwa imepaki. Yana madaraja, yameandikwa DOT 3, DOT 4 kwenye chupa. DOT 3 mapya kabisa kiwango chake ni kuchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji asilimia 3.7 tu kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanywa maji. Sasa fikiria hewa yetu ya Tanga, ile unaanika shuka usiku asubuhi iko vilevile mbichi, miaka mitatu, alafu unaenda kubana breki kutoka 120 kila baada ya dakika moja. Joto la diski linapita kwenye pedi linaingia kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi, mafuta yanachemka yanatoa mapovu, na povu ni mvuke, mvuke unabanika, kwahiyo mguu wako unabana mapovu badala ya kubana pedi. Pedi zangu zilikuwa bado nene, diski nzima, kila mtu angeitazama gari angesema breki ziko sawa. Na hicho ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu anayeshuka milima ya Lushoto na familia, amejaza mizigo, breki mguuni toka juu, anapika mafuta yake namna hiyohiyo.

Tukatoa upepo kwenye breki palepale, yaani kusukuma nje mapovu na mafuta ya zamani na kuingiza mapya. Mpira mwembamba, chupa ya maji ya kunywa, DOT 4 mpya chupa mbili za nusu lita, mie nakanyaga ndani ya gari yeye chini anafungua nati. "Kanyaga... shikilia... achia." Kwenye ule mpira uliona kabisa mapovu madogo madogo yanapanda kama kwenye soda, alafu rangi ya chai, alafu taratibu ikaanza kuja ya dhahabu safi. Magurudumu yote manne, dakika arobaini na tano. Hakuniambia bei, nilimpa elfu thelathini kwa furaha zangu.

Kinachoniuma ni kwamba ukaguzi wa asubuhi waliangalia mikanda, tairi, betri kama imefungwa, oili kama inavuja, lakini hakuna aliyefungua kile kifuniko. Sekunde tano tu. Niliwaambia waandaaji na walinisikiliza vizuri, hawakubisha, ila nasema tena hapa, wekeni kwenye karatasi ya ukaguzi. Alafu vizima moto viwili kwa njia nzima ni vichache, na kundi letu walichanganya Subaru STI na Vitz, aliye kwenye Vitz alishinda anaangalia kioo cha nyuma badala ya kujifunza, nilimhurumia dada yule. Kivuli hakuna, maji ya kunywa yaliisha saa saba, aliyetuokoa ni mama mmoja aliyeleta beseni la machungwa ya Muheza. Na ulizeni bima zenu kabla, mie nilipiga simu nikaambiwa wazi kwamba kwenye shughuli ya namna hii hawalipi, nikaingia nikijua.

Petroli nilitumia lita 22 hivi kwa zamu zote nne, na oili ilishuka kidogo nikaongeza.

Zamu ya nne ilikuwa saa kumi na nusu jioni, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, jua limeshuka, lami imepoa kidogo. Mzee akaomba kukaa tena na mie. Hakusema neno raundi nzima ya kwanza. Kwenye nyoofu nikafika koni ileile, mguu ukasita, nakubali ulisita, alafu nikabana, pedeli ikasimama juu ngumu kabisa, gari ikainama, nikaachia pole pole, nikageuza, nyuma ikafuata, nikakanyaga moto mapema kuliko siku yote na ikatoka kwenye Kona ya Mwembe imenyooka inalia. Mzee akagonga dashibodi kwa kiganja mara moja. "Eeh. Hiyo."

Siku ya traki ya mwezi wa kumi nimeshalipia. Jumatatu nilipita kwa fundi wangu Ngamiani na gari ya mama watoto, Noah haijawahi kwenda mbio popote, nikamwambia afungue kifuniko cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi yaleyale.